Mizani ya Kumi na Saba



Katika Kiswahili chetu cha kila siku neno mtihani lina makazi mawili. Lipo shuleni, kwenye karatasi zinazofungwa ndani ya bahasha na kusindikizwa na polisi, na lipo msibani. Mtu aliyefiwa, aliyeunguliwa na nyumba au aliyeuguliwa na mtoto huambiwa na majirani kwamba amepata mtihani, naye huitikia kwamba ndiyo, ni mtihani mkubwa, Mungu atamvusha. Tulilipokea neno hili kutoka Kiarabu likiwa na sura zote mbili, ya kupimwa na ya kutaabishwa, wala hatukuona haja ya kuzitenganisha. Nimefundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya bweni kwa miaka mingi kiasi cha kuamini kwamba wazee wetu walijua walichokuwa wakikifanya walipoliacha neno hili na uzito wake wote.

Kwa asiyepajua, Mkuza ni kata ya Mji wa Kibaha, kando ya Barabara ya Morogoro, kiasi cha kilomita 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam. Majirani zetu wana majina ambayo malenga angetamani kuyabuni mwenyewe: Picha ya Ndege, Maili Moja, Kwa Mfipa. Ni nchi ya mikorosho, miembe na mihogo, na ni nchi ya shule. Ukitaja Kibaha mbele ya mzazi wa Kitanzania, kinachomjia kwanza ni elimu, kwa sababu ya lile Shirika la Elimu Kibaha lililoanza mwaka 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki na kukabidhiwa kwetu mwaka 1970, na sekondari yake ambayo hadi leo hupokea vijana wanaoitwa wa vipaji maalumu. Tangu hapo shule zimeota huku kama uyoga baada ya masika. Wazazi huzifuata kutoka mbali, na huzifuata wakiwa na jambo moja moyoni: daraja la kwanza.

Mkuza ndipo pia alipojenga shule zake Filbert Bayi, mwanariadha wetu, na kwa hiyo kisa chake hakikauki midomoni mwa walimu wa huku. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Nyuzilandi, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Bayi alichomoka mbele katika mbio za mita 1,500 na kukaa mbele mzunguko baada ya mzunguko, wakati mabingwa wa zama zile walizoea kuviziana hadi mita za mwisho. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia. Kinachopendwa na walimu ni mkia wa kisa: John Walker aliyeshika nafasi ya pili naye alipita chini ya rekodi ya zamani. Maana yake, wanasema, aliyetangulia kwa kasi hakujiokoa peke yake, aliwavuta na waliomfuata. Kwa hiyo na tuwakimbize watoto, watavutika.

Kisa ni cha kweli, ila nina shaka na somo linalochumwa humo. Waliokuwa nyuma ya Bayi siku ile walikuwa watu wazima walioichagua kazi ile, waliokula wakashiba na kulala wakashiba, kila mmoja akiwa bingwa kwao. Darasa langu lina vijana karibu 60. Yupo aliyeamka na homa na hakusema. Yupo ambaye ada yake haijalipwa, naye huangalia mlango kila mhasibu anapopita. Yupo pia ambaye kwao kuna mtihani, kwa ile maana ya pili. Mimi nikitaka mfano wa mbio huchukua mchakamchaka. Wote tuliopita shule za nchi hii tuliukimbia: mmoja hutangulia akiimba, kundi huitikia, miguu hufuata wimbo. Sijasikia watu wakiusifu kwa jambo lake bora kuliko yote, nalo ni kwamba mwendo wake hupimwa kwa pumzi ya kuimba. Kiongozi akizidisha kasi, kiitikio hufa, naye hujua papo hapo, bila kugeuka nyuma, kwamba amewaacha wenzake. Ukimya ndio unaomwambia. Na akikokota miguu wimbo nao hulegea, maana wimbo wa mchakamchaka hauimbiki kwa mwendo wa maiti.

Huo mwaka 1974 ulikuwa wa ajabu kidogo. Mwezi Februari Bayi alivunja rekodi. Mwaka huohuo Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi, diwani iliyovunja utaratibu wa vina na mizani na kuwatia hasira wanamapokeo walioshika sheria alizoziandika Amri Abedi mwaka 1954. Na mwezi Novemba chama cha TANU kilitoa Azimio la Musoma, ambalo miongoni mwa mengine lilitaka mtihani wa mwisho upunguziwe ufalme wake, kazi na mwenendo wa mwanafunzi vihesabiwe pia. Mwalimu Nyerere alikwisha kulalamikia ufalme huo katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967. Kwa hiyo yeyote anayedhani kwamba kuhangaikia nafsi ya mwanafunzi ni mtindo ulioletwa juzi na wageni, aende akasome tulichokuwa tukikiandika sisi wenyewe.

Ufalme haukupungua sana. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliwapa zaidi ya nusu ya watahiniwa daraja sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na kufika Mei serikali ilikuwa imeyafuta matokeo yale na kuamuru yapangwe upya. Sina nia ya kurudia mjadala wa nani alikosea. Nakumbuka lugha ya miezi ile. Mtaani hapakusemwa kwamba kijana fulani amepata sifuri. Palisemwa, “Yule ni ziro.” Kitenzi kilibadilika kutoka kupata kwenda kuwa, na badiliko hilo dogo la sarufi liliwaondoa watu wengi katika hesabu ya watu. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule na watahiniwa bora kitaifa, jambo nililolifurahia kwa dhati. Orodha, hata hivyo, ni kama maji, hutafuta pa kupitia. Siku hizi hupita kwenye makundi ya simu na kwenye mabango ya barabarani, nyuso za vijana wa kidato cha nne zikiwa zimepangwa kama nyuso za wagombea ubunge.

Sasa nije kwenye somo langu, maana humo ndimo nilimo.

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma karibu kila kitu kwa Kiswahili hadi anapomaliza. Wiki chache baadaye yuko kidato cha kwanza, na baiolojia, jiografia na hisabati zote zimegeuka Kiingereza. Kwa miaka mingi Kiswahili kilikaa karibu peke yake katika ratiba. Tangu mtaala mpya ulipoanza mwaka 2024 kimepata mwenza, Historia ya Tanzania na Maadili. Ukitaka kujua maana ya badiliko hilo, kaa darasa la kidato cha kwanza asubuhi nzima. Msichana aliyekuwa msemaji wa darasa zima kule Mlandizi sasa anakaa kimya vipindi vitatu mfululizo, akinakili ubaoni maneno ambayo hawezi kuyatamka. Kisha inaingia zamu ya Kiswahili, na darasa linachemka. Vicheko, ubishi, mikono juu. Ni kama mtu aliyevua viatu vinavyombana.

Hapo ndipo vishawishi huanza. Mwenzangu mmoja, mtu mwema sana, huniambia, “Mwalimu, kipindi chako ni cha kupunga upepo. Waache wapumue.” Nami namwelewa. Vijana hawa wa bweni huamshwa saa kumi alfajiri. Prepo ya usiku, kama wanavyoiita wenyewe, huisha saa nne. Jumamosi kuna jaribio la wiki. Mwenye huruma angewapa Kiswahili chepesi: hadithi ya kusisimua, maswali matano, vicheko, kwaherini.

Sikubali, na sababu yangu haitokani na ukali. Mtoto aliyechoka si mtoto mjinga, na hujua upesi sana anapohurumiwa. Mwalimu anayempa kazi rahisi kwa kuwa amemwona hoi humwambia, bila kutamka, kwamba lugha anayoiweza ndiyo lugha isiyo na kitu cha kuweza. Nimeliona hilo likizaa dharau, nayo hukua. Mwanafunzi wa kidato cha pili huanza kusema kwamba Kiswahili hakisomwi, ni chetu tu. Akifika kidato cha nne hawezi kueleza tofauti ya sitiari na tashibiha katika Wasakatonge, ingawa anacheka penye kuchekesha na kununa penye kununa. Yaani anaelewa kila kitu na hana neno la kusemea anachokielewa. Hiyo nayo ni aina ya ububu, na ni sisi wa Kiswahili tunaoisababisha kwa upole wetu.

Kwa hiyo mimi huwatungisha mashairi. Kuhesabu mizani za watu wengine wanakujua, maana mtihani unakutaka. Mimi nataka watunge yao, ya kimapokeo, yenye vina vya kati na vya mwisho, mizani nane kwa nane, na kibwagizo kinachostahili kurudiwa. Najua wapo wasomaji wa baraza hili watakaoniuliza kwa nini nisiwaachie mtindo huru kama kweli nawajali. Jibu langu ni kwamba mtindo huru ni mgumu zaidi. Kezilahabi aliziacha kanuni akizijua zote, na kijana wa miaka 16 aliyeambiwa “andika upendavyo” hukaa mbele ya karatasi tupu kama mtu aliyeshushwa porini. Mizani humpa ukuta wa kushika.

Muhula mmoja msichana wa kidato cha tatu aliniletea ubeti. Ninao ruhusa yake kuuonyesha, bila jina lake. Nilikuwa nimewapa mada ya hiari, na rasimu yake ya kwanza ilikuwa hivi:

Kengele yalia mbio, bado ningali ndotoni,
Yanipiga masikio, najikokota bwenini,
Kitabu si kimbilio, herufi zi ukunguni,
Nipeni usiku wangu, niwarudishie mchana.

Nilisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma kama mtu mzima aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake, na nilichokiona kilinikata maini: huyu halali, na anatuomba. Mara ya pili nilisoma kama mwalimu wa ushairi, nikaona kwamba mstari wa mwisho una mizani 17. Ni-wa-ru-di-shi-e ni sita, na mchana ni tatu, kwa kuwa ile m ya mwanzo hutamkika peke yake na hupewa mizani yake. Jumla tisa, mahali pa nane.

Nadhani suala zima la malezi na taaluma, kwangu mimi, lilikaa katika dakika ile. Mwalimu wa namna moja angeandika kwa wino mwekundu “mizani imezidi” na kurudisha daftari. Mwalimu wa namna nyingine angeshikwa na huruma, akamkumbatia binti, akasema mizani si kitu mwanangu, cha muhimu ni hisia zako. Wote wawili wangesoma nusu ya shairi. Nilimwita nje, chini ya mwembe, nikamuuliza kuhusu usingizi kabla ya kumuuliza kuhusu mizani. Alikuwa akisoma kwa tochi chini ya blanketi baada ya prepo, kwa kuwa nyumbani aliahidiwa kwamba akishuka daraja atarudishwa shule ya karibu na kwao. Saa tatu za usingizi, pengine nne. Jambo hilo nililipeleka kwa matroni siku hiyohiyo. Kisha nikamwambia, na mstari wako wa mwisho umezidi mizani moja, nenda ukaukate.

Akashangaa. Nadhani alitarajia kwamba baada ya mazungumzo yale nitamsamehe mizani. Alikaa nao siku mbili. Akajaribu “niwarudishe mchana”, ikawa nane, ila maana ikaharibika, maana sasa ilikuwa ni sisi tunaorudishwa wakati wa mchana. Akajaribu kuuondoa mchana kabisa. Siku ya tatu akaja mbio kabla ya paredi:

Nipeni usiku wangu, niwarudishie siku.

Wapenzi wa lugha, mnaona alichokiokota? Usiku na siku. Kumbe siku ilikuwa imelala ndani ya usiku muda wote, na ukimpa mtu usiku wake atakurudishia kilichomo. Kwenye rasimu ya kwanza hilo halikuwapo. Lililomlazimisha kulitafuta ni ile mizani moja iliyozidi. Sijui kama ningeliona mimi mwenyewe, na sitaki kujidai kwamba nilimwelekeza huko. Sheria ilimbana, naye akatokea upande wa pili akiwa na mali mkononi. Uso wake asubuhi ile haukuwa uso wa mtu aliyehurumiwa.

Tulibishana kidogo kuhusu “zi ukunguni”. Darasani mvulana mmoja alidai kwamba zi ya namna hiyo ni ya vitabuni tu na hakuna binti wa Kibaha anayesema hivyo. Binti akajibu kwamba ndiyo maana ameiweka kwenye shairi. Nikawaacha waendelee.

Nimetaja wino mwekundu, nami sina budi kutaja na fimbo, kwa kuwa mazungumzo ya ustawi wa mwanafunzi katika nchi hii yakiikwepa fimbo yanakuwa mapambo. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, msichana aadhibiwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Tunajua sote jinsi ambavyo kanuni hiyo husahauliwa kati ya ofisi na darasa. Mwaka 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi mjini Bukoba alifariki baada ya kuadhibiwa na mwalimu, na nchi ikatikisika kwa majuma kadhaa, kisha ikatulia.

Kinachonikera mimi kama mtu wa lugha ni kwamba fimbo hutafutiwa ushahidi katika methali. Samaki mkunje angali mbichi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Hutajwa kwa sauti nzito, kana kwamba ni vifungu vya sheria. Lakini tuzisome. Ya kwanza ni methali ya watu waliowashika samaki kwa mikono yao. Inasema mkunje, haisemi mvunje. Mvuvi anajua kwamba samaki mbichi hukunjika bila nguvu, na kwamba anayehitaji nguvu amechelewa. Ni methali ya wakati na wepesi wa mkono. Ya pili inasema kulia, na haikutaja aliyemliza wala alichomlizia. Mtoto hulia kwa mengi: hulia anapochanjwa, hulia anaponyoshwa nywele, na wapo waliolia kwenye darasa langu kwa sababu ya kina cha kati kilichokataa kuja. Machozi ya namna hiyo sina haja ya kuyachelea. Mtoto aliyelia kwa kukosa kina na kesho akarudi na daftari hakudhurika. Yule aliyekauka macho kwa sababu ameacha kujaribu ndiye anayenikosesha usingizi mimi.

Wengine hupenda kuniambia kwamba mwanafunzi ni mwana kwanza, kisha ndipo funzi, na kwamba lugha yenyewe imetanguliza utoto. Ni maneno matamu. Ila mwana ya hapo ni ileile ya mwananchi na mwanajeshi, mtu wa jambo fulani, wala haimaanishi kitoto. Ningependa tutetee watoto kwa hoja zitakazosimama.

Kama ni kutafuta hekima ya wazee, ipo pahali pengine, na tunaipita kila siku kwa kuwa tunaiona ni mchezo wa watoto. Naizungumzia ada ya vitendawili. Mtegaji husema kitendawili, hadhira hujibu tega. Hutegwa fumbo, tena si fumbo la huruma, fumbo la kukuvunja kichwa. Watu hujaribu, hukosea, huchekwa, hujaribu tena. Wakishindwa mtegaji husema, “Nipeni mji.” Wanampa: chukua Bagamoyo. Naye huupokea mji, huusifia, husimulia alivyofika huko akala pilau, kisha hutoa jibu. Na mchezo huendelea.

Hebu tazameni kilichotendeka hapo. Fumbo halikurahisishwa hata kidogo. Jibu halikutolewa bure. Kushindwa kumepewa bei, na bei hiyo ni kubwa kwa jina, mji mzima, lakini hakuna aliyetoka na jeraha. Tena aliyeshindwa amekuwa mtoaji: amempa mwenzake Bagamoyo! Anabaki barazani akiwa na heshima yake, tayari kwa fumbo linalofuata. Sijasoma kitabu cha ualimu kinacholieleza jambo hili vizuri kuliko bibi zetu walivyolitenda gizani wakimenya mihogo.

Nikauingiza mji darasani. Kila mwanafunzi anayetunga ana haki ya kunipa mji mmoja kwa kila shairi. Akikwama kabisa, akiwa amenionyesha majaribio yasiyopungua matatu, huandika pembeni ya mstari jina la mahali, nami nampa neno, kina, au njia ya kutokea. Mstari mmoja tu. Mingine ni yake. Mwanzoni walinipa Dar es Salaam na Dodoma, kama watu waliojibu jiografia. Baadaye ikawa fahari kutoa mahali pasipojulikana na mwingine. Nikapewa Soga, Kwala, Magindu. Vijana wa upande wa Kisarawe wakajibu mapigo kwa Maneromango, Msanga na Mzenga. Mmoja alinipa Bagamoyo mara nne, nikamwambia Bagamoyo imeshakuwa yangu yote, atafute mji mwingine, akanipa kitongoji alikozaliwa bibi yake, na ukurasa uliofuata akaandika shairi kuhusu kitongoji hicho bila kuombwa.

Si kila kitu kimenyooka. Wapo wanaotoa mji kabla hata ya kujaribu, na majaribio yao matatu ni mstari uleule ulioandikwa mara tatu kwa kalamu tofauti. Darasa la watu 60 na madaftari yenye rasimu tatu ni rasimu 180, nami nina macho mawili na taa inayokatika. Kuhusu usingizi, niliupeleka mstari wa yule binti kwenye kikao cha walimu, nikausoma. Palikuwa na ukimya, kisha mwalimu wa fizikia akaomba usomwe tena. Baada ya majadiliano marefu kengele ya alfajiri ilisogezwa kwa saa moja, kwa vidato vya kwanza hadi tatu tu. Kidato cha nne wanaamka saa kumi vilevile. Nilipinga, nikashindwa, na hoja ya walionishinda ilikuwa moja: shule za jirani zinaamka saa kumi.

Muhula ulipofungwa baba yake yule binti alikuja kumchukua. Ni mtu wa makamo, fundi seremala, mikono yake ina alama za kazi. Alinisubiri nje ya ofisi ya walimu akiwa ameshika ripoti.

“Shikamoo, mzee,” nikamwambia.

“Marahaba, mwalimu. Nimeambiwa mwanangu siku hizi analala sana.”

“Analala saa saba, mzee wangu. Kwa umri wake ni kidogo bado.”

Akaitazama ripoti. Hisabati ilikuwa imepanda kidogo, kemia imeshuka kidogo, Kiswahili kimebaki palepale kilipokuwa. Hakuna kitu humo ambacho ningeweza kumwonyesha kwa kidole na kusema, tazama. Akaniuliza kama hayo mashairi yatamsaidia kupata daraja la kwanza. Nikamwambia sijui. Kwa kuwa hakuonekana kukasirika, nikaingia ndani nikamtolea nakala ya ule ubeti, kwa mwandiko wa bintiye.

Aliusoma taratibu, midomo ikicheza, kama wasomavyo watu waliojifunza kusoma kwa sauti. Alipofika mwisho akarudi juu akausoma tena. Mtoto alikuwa kwa mbali, chini ya mwembe, amekalia sanduku lake, akijifanya hatutazami.

“Hapa mwisho,” akasema, kidole kikiwa kwenye karatasi. “Hii siku. Mbona hakusema mchana? Angesema mchana ningemwelewa upesi.”

“Alisema, mzee. Ulizidi mizani moja.”

“Ikazidi moja ndiyo ukamkatalia?”

“Nilimkatalia.”

Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akaenda kubeba sanduku.